Kivuli cha Siku Tatu

"Ukurasa wa mwisho uko wapi?"

Bwana Gundi hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia mgongo wa kamusi nzee, brashi mkononi, akiupaka gundi polepole kama anayempaka mgonjwa dawa.

"Wa kitabu gani?"

"Hiki ulichonipa asubuhi. Kinaishia mia sita na nane, tena sentensi iko katikati. 'Ndipo mvushaji akainua macho juu, na.' Basi. Na nini?"

"Fungu la mwisho la kurasa liko kwenye kibanio," akasema. "Lililowa. Linataka muda likauke."

"Muda gani?"

"Anza mwanzo kama watu wengine, Fundi. Ukifika huko litakuwa limekauka."

Aliyekuwa akiuliza ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mtaa mzima ukimwita Bi Sindano. Alipanga nusu ya chumba kirefu cha ghorofa ya kwanza. Upande wake kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, na sanamu ya kupimia nguo isiyo na kichwa. Nusu ya pili, nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, aliketi Bwana Gundi, mjalidi vitabu. Watu walimletea vitabu vilivyovunjika migongo, naye akavifumua, akavishona upya, akavivisha majalada. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimu asubuhi, jibu unaweza kulipata saa nne.

Baina yao palikuwa na mapatano ya miaka mitatu. Yeye Bi Sindano humpa mabaki ya vitambaa vigumu kwa ajili ya majalada. Mjalidi humwazima vitabu vya wateja kabla wenyewe hawajaja kuvichukua. Na Bi Sindano alikuwa na masharti mawili. La kwanza, kitabu kiwe cha mapenzi. La pili, lazima asome kwanza ukurasa wa mwisho. Akiona wameoana, anarudi mwanzo na kusoma kwa amani. Akiona wameachana, anakirudisha siku hiyo hiyo.

"Mimi sipandi basi lisiloandikwa liendako," ndivyo alivyozoea kusema.

Maneno hayo watu waliyachukulia mzaha, ila hayakuwa mzaha. Miaka saba nyuma alijishonea gauni la harusi kwa mkono wake, shanga mia tatu na arobaini kifuani, moja moja. Asubuhi ya siku yenyewe, nywele zimeshatengenezwa, bwana harusi akamtuma rafiki yake aje kusema kwamba amebadili mawazo. Hakuja mwenyewe. Bi Sindano alilifumua gauni lile lote, akashona mapazia. Tangu hapo yalining'inia dirishani kwake, na jua likipiga vitundu vya shanga vilionekana.

Basi wiki hiyo hadithi za mapenzi zilikwisha upande wa pili. Lililobaki lilikuwa libuku la visa vya ajabu, limefumuliwa, mafungu thelathini na manane ya kurasa kumi na sita kila moja, yamefungwa kwa uzi.

"Mimi na mazimwi wapi na wapi?" alisema alipopewa.

"Hakuna zimwi. Kuna ndege."

"Anaoa?"

Bwana Gundi alifikiri kweli kweli kabla ya kujibu.

"Bado sijaona."

*

Alianza kwa uvivu, saa saba mchana, chakula chake pembeni. Alikuwa anamtafuta mwanamume. Katika hadithi za mapenzi mwanamume hufika kabla ya ukurasa wa ishirini, ananukia vizuri, ana jambo linalomsumbua. Humu hakuna. Humu kulikuwa na mji juu ya mwamba, na watu wake wanangoja. Wanamngoja ndege. Kila baada ya miaka sitini ndege huyo hupita juu ya mji, na kwa ukubwa wake kivuli chake huchukua siku tatu kupita. Siku hizo tatu hakuna adhuhuri. Na neno lolote litakalosemwa ndani ya kivuli hicho haliwezi kurudishwa mdomoni. Aliyesema nakupenda, amependa. Aliyesema nakuacha, ameacha.

Miaka sitini ikapita, ndege hakuja. Kisha msichana mchota maji akaokota unyoya bondeni, mrefu kama barabara ya mji mzima. Ulipolala, majani yalilala. Akaelewa kwamba ndege anaruka akichechemea, amepungukiwa na unyoya huu mmoja, ndiyo maana hafiki. Akajifunga kamba kiunoni, akaanza kuuvuta kuurudisha.

Bi Sindano akaweka kijiko chini.

Fungu la pili msichana akalala ubavuni mwa mlima. Alfajiri mlima ukaamka. Ukajikung'uta mawe, ukatembea taratibu hadi ziwani, ukapiga magoti kama ngamia, ukanywa maji. Na mbuzi waliokuwa mgongoni mwake hata hawakuinua vichwa, waliendelea kula majani.

Fundi wetu aliinua macho. Dirishani, juu ya paa la jirani, lilikuwepo tangi la maji la siku zote. Alilitazama kwa muda mrefu, kama vile anangoja lisimame liondoke. Miaka saba alikuwa amesoma vitabu akijua kila kinachokuja, kama mtu anayetembea chumbani kwake gizani bila kugonga meza. Sasa alikuwa amegonga kitu, na hakujua ni nini, na kilikuwa kikubwa.

Akagonga ukuta wa mbao.

"Bwana Gundi. Mlima umekunywa maji."

Halafu sauti ya upande wa pili ikaja, ndogo, kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Nilipofika hapo niliacha kazi siku nzima."

Huo ndio ukawa mwendo wao. Kila siku saa saba anachukua fungu moja, analisoma, analirudisha, na Bwana Gundi analishona kwenye fremu juu ya lile la jana. Kitabu kikawa kinakua kama ukuta. Jioni, kabla ya kufunga, wanaongea kidogo mlangoni. Bi Sindano ndiye aliyeongea. Alilalamika kuhusu yule mvushaji, mtu aliyemvusha msichana mto wa kwanza kisha akakataa kumwacha. Mvushaji alikuwa bubu. Ukurasa wa tisini aliiuza sauti yake kwa wenye daraja ili unyoya upite, na tangu hapo hakusema hata ah.

"Kurasa mia tatu wako pamoja hawajashikana hata mkono," alinung'unika. "Kwenye vitabu vyangu saa hizi wana mtoto wa pili."

"Anamshikia kamba," akasema Bwana Gundi.

"Ndiyo, anamshikia kamba."

Hapo malalamiko yakaisha, maana kwa kweli ile kamba ilikuwa jambo kubwa.

*

Nyumbani nako kulikuwa na kitabu kingine kinasomwa. Dada yake mkubwa, muuguzi, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa amempata mtu. Mtu huyo alisimamia maghala ya bidhaa, na watu walimwita Meneja hata kanisani kwake na kwenye misiba. Mjane, hana makuu, hanywi. Alimpenda Bi Sindano kwa utaratibu, akaomba jibu kwa utaratibu, akatoa wiki sita za kufikiri.

Ujumbe ukaingia kwenye simu katikati ya fungu la thelathini na nne:

*Mdogo wangu, Meneja anakuja Jumapili saa nne kuchukua jibu. Mtu anayejulikana mwanzo na mwisho. Si ndicho ulichokuwa unataka? Tafadhali usiniaibishe.*

Akaandika: *Sawa dada.* Akarudi kwenye fungu. Msichana na mvushaji walikuwa wamefika mahali ambapo upepo wenyewe hulala, umejikunja ukutani kama paka, nao walipaswa kuuruka bila kuuamsha.

Alhamisi Meneja akaja kujaribu koti. Ndiye aliyempa Bi Sindano kazi ya kumshonea suti ya siku ya posa, kwa hoja kwamba haifai kumpelekea fundi mwingine. Akavaa mkono wa kushoto, ukaingia vizuri. Akavaa wa kulia, na kiwiko kikaelekea mbele, kiganja kikageukia nyuma. Akasimama mbele ya kioo kama mtu anayeomba kitu kwa siri.

"Nadhani," akasema kwa upole, "mikono yote miwili ni ya kushoto."

Bi Sindano alitazama. Ni kweli. Miaka kumi na nne ya ufundi, alikuwa hajawahi kufanya kosa hilo hata siku ya kwanza ya uanafunzi. Alikuwa ameshona mkono ule baada ya upepo uliolala.

"Nisamehe, Meneja. Nilikuwa mbali."

"Mbali wapi?"

Bi Sindano alichukua kiwembe, akaanza kuufumua ule mkono.

*

Jumamosi saa saba mchana Bwana Gundi alimletea fungu la mwisho mwenyewe. Kwa kawaida Bi Sindano ndiye aliyelifuata. Leo mjalidi alilibeba kwa mikono miwili, akaliweka juu ya meza ya kukatia, akarudi upande wake. Na kibanio hakikusikika tena, wala brashi.

Bi Sindano aliosha mikono kwanza. Akafungua.

Mvushaji aliinua macho juu, na akaona mawingu tu. Halafu, kwa muujiza, sauti yake ikamrudia. Akamwambia msichana anampenda, tangu mto wa kwanza. Msichana akalia. Wakauacha unyoya pale kilimani, wakashuka mjini wameshikana mikono, wakajenga nyumba yenye dirisha, wakaoana.

Ulikuwa mwisho wa aina anayoipenda. Ndio aliokuwa akiutafuta katika kila ukurasa wa mwisho kwa miaka saba. Na alipoufunga alijisikia kama mtu aliyepanda ngazi ndefu gizani, akainua mguu kwa kipandio ambacho hakipo.

Akausoma tena. Kisha akafanya jambo ambalo msomaji mwingine asingelifanya. Alizifungua zile kurasa katikati, pale zinapokunjwa, akaziinua dirishani kwenye mwanga. Fumua nguo yoyote duniani, sindano ya kwanza huacha vitundu vyake. Mafungu thelathini na manane aliyoyashika yote yalikuwa na vitundu vya ushonaji wa zamani kwenye mkunjo. Hili halikuwa na hata kimoja. Karatasi imepakwa chai ikazeeshwa, herufi zimelinganishwa vizuri, lakini halijawahi kushonwa kwenye kitabu chochote.

Akazunguka ukuta wa mbao.

"Ndege hakupita," akasema.

Bwana Gundi alikuwa ameketi, mikono magotini.

"Msichana ameburuta unyoya kurasa mia sita, kiuno kimechubuka, halafu ameuacha kilimani akajenge nyumba yenye dirisha? Na bubu anasema? Nani amemrudishia sauti? Aliiuza, Bwana Gundi. Ukurasa wa tisini. Mimi nililia ukurasa wa tisini."

"Nilidhani utafurahi. Wameoana."

"Nani ameandika hii?"

Akainamisha kichwa, na hilo lilikuwa jibu.

"Fungu lenyewe liko wapi?"

"Halipo. Kitabu kililetwa bila mwisho. Mwenyewe aliniambia nikijalidi hivyo hivyo."

"Kwa hiyo hakuna kilicholowa."

"Hakuna."

"Wiki sita unanitazama machoni unaniambia linakauka."

"Siku ile ungejua hakina mwisho, usingekianza," akasema Bwana Gundi. "Nilitaka uuone mlima tu. Nikasema ukishauona mlima nitakwambia. Halafu ukagonga ukuta."

Bi Sindano akazitupa zile kurasa mezani pa mjalidi.

"Umemfanya bubu aseme, na umemsemesha maneno ya kadi. Mtu aliyeshika kamba miaka yote hiyo, angekuwa na sauti, asingesema hivyo."

"Angesema nini?"

"Mimi ndiye nikwambie? Wewe si ndiye mwandishi?"

Bwana Gundi aliitazama mikono yake, yenye gundi iliyokauka kwenye kucha. Aliongea polepole, na hakuwahi kuongea kwa urefu ule tangu apange chumba kile.

"Angesema kwamba kila siku saa saba anasikia cherehani ikinyamaza upande wa pili. Anajua umefungua fungu jipya. Naye anaweka brashi chini, ili asikie unavyogeuza kurasa. Ukikawia kugeuza, anajua umefika mahali pakubwa, naye anabana pumzi mpaka ugeuze. Angesema miaka mitatu amekuwa akiomba vitabu vivunjike migongo, ili awe na cha kukuazima."

Mtaani chini muuza maji alikuwa anapiga kengele yake. Ilisikika mpaka ikaisha mbali.

"Hayo hayamo kwenye kitabu," akasema Bi Sindano.

"Hayamo."

"Mwanamume wa kwanza alinidanganya, hakuja kuniambia mwenyewe. Wewe umekaa mita mbili kutoka kwangu ukanidanganya kwa upole. Sijui kipi kibaya zaidi."

Akachukua mkoba, akafunga mlango wake. Hajafika hata kona, simu ikalia mkobani:

*Fundi. Fungu la mwisho halijawahi kuwepo kwangu. Nilipaswa kusema siku ya kwanza. Hilo lilikuwa uongo. Ya leo si uongo. Sitakusumbua tena.*

Akaizima simu, akaendelea kutembea.

*

Jumapili saa nne kamili, si dakika moja mbele wala nyuma, Meneja alikaa sebuleni kwa dada mkubwa, koti limerekebishwa, faili la bluu magotini. Akalifungua. Bi Sindano alisikiliza kwa heshima. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarehe ya harusi. Wa tatu ulikuwa na mchoro wa nyumba, na chumba chake cha cherehani kimeandikwa vipimo. Wa sita ulieleza mwaka watakaostaafu. Wa tisa ulikuwa na ramani ndogo.

"Hii ni nini?"

"Makaburi. Nimeshalipia mawili. Lako ni la kushoto, lina kivuli."

Dada alikohoa. Bi Sindano hakucheka. Alikuwa anaitazama ile ramani kwa namna ya ajabu, kwa sababu huo ndio ukurasa wa mwisho, ameonyeshwa kabla ya wa kwanza, kama alivyotaka siku zote. Umeandikwa vizuri. Hauna kosa.

"Meneja, nikuulize kitu. Umewahi kuona jambo kubwa mpaka ukasahau ulichokuwa unafanya?"

Alifikiri kwa uaminifu. Alikuwa mtu mwema kweli.

"Ghala namba nne lina urefu wa mita mia mbili," akasema. "Lakini sikusahau."

"Asante. Wewe ni mtu mwema, na atakayekupata hatapotea njia. Sio mimi."

Alipoondoka, faili kwapani, akiwa ameaga kila mtu kwa zamu, dada aligeuka.

"Kwa hiyo ni nani? Maana mtu hamwachi Meneja hivi hivi."

"Sijui, dada."

"Hujui? Wewe? Wewe uliyesoma mwisho wa Biblia kabla ya mwanzo?"

"Kuna mtu amenidanganya kuhusu kitabu."

Dada mkubwa alikuwa amefanya kazi wodini miaka ishirini na mbili, ameona watu wakizaliwa na wakifa, akajua ni nini cha kuuliza.

"Alikudanganya ili apate nini?"

Bi Sindano aliitazama sufuria jikoni ikianza kutoa mvuke.

"Ili nione mlima," akasema.

Dada alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyepandwa na homa, akaenda kuzima jiko. Kutoka jikoni sauti yake ikaja, "Basi hakuiba kitu."

*

Jumatatu asubuhi Bi Sindano alikuwa ndio kwanza amefungua dirisha aliposikia hatua za taratibu ngazini, na gongo. Mwanamke mzee akapita mlangoni kwake, mwalimu mstaafu wa jiografia, akaingia upande wa pili. Mwenye kitabu amefika.

Ukuta wa mbao hausitiri kitu. Alimsikia Bwana Gundi akimsalimu shikamoo, akamsikia akikiweka kitabu mezani. Halafu akasikia jambo ambalo hakulitegemea. Bwana Gundi alisema kwamba anaomba radhi, kuna kosa amelifanya juu ya mali ya mteja, ameandika mwisho wa uongo akampa mtu, na kurasa zenyewe ni hizi hapa. Hakuna aliyemuuliza. Angeweza kunyamaza, na kunyamaza ndiyo ilikuwa fani yake.

Bi Sindano akajikuta amesimama mlangoni kwao.

Mwalimu alikuwa anasoma zile kurasa kumi na sita, miwani puani. Alizisoma zote. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kumbe anacheka.

"Nyumba yenye dirisha," akasema. "Mume wangu angecheka mpaka akohoe. Na wewe ndiye uliyepewa?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Uliamini?"

"Hapana. Ndege hakupita."

Mwalimu akavua miwani, akamtazama vizuri, kama ametambuliwa na mtu ugenini. Akaketi. Akawaeleza kwamba kitabu hiki alikisoma yeye kwanza, kisha akampa mumewe, mtu asiyesoma kitu ila magazeti ya biashara. Mumewe alikicheka wiki moja, halafu akaanza kumwamsha alfajiri kumsomea. Akaugua. Akaendelea kusoma hospitalini, kurasa mbili mbili, kwa sababu hakutaka kiishe.

"Alifika mia sita na nane. Nilikuta kidole chake bado kiko hapo. Basi nikalikata fungu lililobaki, nikalitia katika mfuko wa ndani wa koti lake, upande wa moyo. Nikamfunga kifungo. Sikuweza kumwacha aende hajui."

Bi Sindano alihisi chumba kimekuwa kirefu sana, na dari limeenda juu. Mahali fulani chini ya ardhi, gizani, katika mfuko wa koti, ndege alikuwa anapita au hapiti, na mtu mmoja tu anasoma.

"Mimi mwisho naukumbuka neno kwa neno," akasema mwalimu. "Ni haki yako, umeburuta unyoya na wewe. Nikwambie?"

Bwana Gundi aliinua macho. Alimjua Bi Sindano vizuri mno. Miaka mitatu alimwona akipindua kila kitabu kwanza, kama mtu anayepima kisima kwa jiwe kabla ya kunywa.

Bi Sindano alifungua mdomo. Swali lilikuwa tayari. Alipita? Neno moja tu, na atalala.

"Usiniambie," akasema.

Alijishangaa mwenyewe. Akasema tena, polepole, ili alisikie.

"Usiniambie, mwalimu. Nikijua, atakuwa amepita siku moja tu. Nisipojua, anakuja kila siku."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa taratibu. Akamgeukia mjalidi. Akamwambia afumue jalada, aongeze fungu moja la karatasi tupu, kurasa kumi na sita, alishone kama mengine. Atakuja kukichukua baada ya wiki. Akaondoka na gongo lake, na kutoka ngazini wakamsikia akicheka tena, "Nyumba yenye dirisha."

Wakabaki wawili.

"Bado nina hasira," akasema Bi Sindano.

"Najua."

"Ukinidanganya tena, hata kuhusu bei ya uzi, mimi naondoka, na sitatuma mtu aje kukwambia. Nitakuja mwenyewe."

"Sawa."

"Jumapili nilimkataa Meneja. Sikukataa kwa ajili yako. Nilikataa kwa sababu ya ramani."

Bwana Gundi hakuelewa habari ya ramani, lakini aliitikia. Alikuwa amesimama kama watu wa ule mji juu ya mwamba, kichwa kimeinuka kidogo, haamini.

"Fundi," akasema. "Sijui tutaishia wapi. Siwezi kukuonyesha ukurasa wa mwisho. Sinao. Lakini nataka kuwa nawe."

Mwanamke aliyekuwa hapandi basi lisiloandikwa liendako alitazama ile fremu ya kushonea, nyuzi zake zimenyooka, zinangoja. Akavuta kiti. Akachukua sindano ndefu ya mjalidi, akatunga uzi bila kuangalia, kama afanyavyo siku zote.

"Lete hizo karatasi tupu," akasema. "Shika uzi upande huo. Kaza, usiuachie."

Akaushika.

*

Walioana miezi mitano baadaye, Jumamosi mchana, watu arobaini. Dada mkubwa alilia kwanza kisha akasimamia chakula. Meneja alialikwa, akaja saa kamili, na ndiye aliyepanga viti. Gauni Bi Sindano alilishona kwa yale mapazia ya miaka saba. Hakuziba vile vitundu vya shanga, na aliposimama mlangoni jua lilipita kifuani mwake kwa matone mia tatu na arobaini ya mwanga.

Mwalimu wa jiografia aliwaletea zawadi imefungwa kwa karatasi ya kahawia. Ilikuwa kitabu chenyewe, kurasa mia sita na nane, na kumi na sita tupu. Aliketi safu ya mbele. Wale wawili walipokuwa wanaapa, kiwingu kimoja kilipita mbele ya jua, ukumbi ukaingia kivuli, na bibi harusi akanyamaza katikati ya neno. Watu wakadhani amesahau.

Hakusahau. Aliinua macho juu, na bwana harusi naye akainua, na mwalimu pale mbele. Wakasikiliza, watatu hao, katika ukumbi uliojaa watu wasiojua kinachongojwa.

Kisha akalimalizia neno lake, kwa sauti, ndani ya kivuli.